Hoteli ya Ma Koku, Iliyokuwa Ghala la Kahawa

Nilikwenda Bukoba kwa sababu ya hofu. Ninyi mlionisindikiza hadi stesheni ya Tabora mkinisifu kwamba Fundi Maganga ni mtu wa watu, anafunga duka kwenda kumwona rafiki mgonjwa, nisameheni, niliwaacha mseme. Barua ya Buberwa ilikuwa fupi. Aliandika: "Munywani, nimeugua, miguu inakataa. Nipo kwa shangazi Bukoba, kwenye lile ghala letu la vita. Njoo unifikishe nyumbani Izigo." Niliisoma nikiwa mbele ya cherehani, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kumwonea huruma, lilikuwa kuinua shati na kulitazama kovu langu chini ya kitovu.

Wengi wenu hamjui habari ya kovu hilo. Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa mgambo, na kwa kuwa najua kushona, walinibakiza Bukoba mjini kutengeneza sare zilizochanika. Tuliwekwa kwenye ghala la kahawa karibu na ziwa. Mhindi aliyelijenga alikuwa ameondoka zamani. Hapo ndipo nilipokutana na Buberwa, Mhaya wa Izigo, mtunza sanduku la huduma ya kwanza, mtu wa maneno mengi na vicheko. Tulilalia magunia yaleyale, tukala chungu kimoja, na vita vilipokaribia kwisha akasema urafiki hautoshi tena, tufanye omukago. Ni desturi ya kwao. Mnachukua tunda moja la kahawa, ndani lina punje mbili. Kila mmoja anachanjwa karibu na kitovu, analowesha punje yake kwa damu, halafu mnabadilishana na kumeza. Kuanzia hapo kila mmoja ni munywani wa mwenzake, maana mmenywana, na undugu huo kwa Wahaya haupungui ule wa tumbo moja. Tulifanya hivyo alasiri moja mvua ikinyesha. Punje yake ilikuwa chungu kweli, nikadhani ndivyo ilivyo damu ya Kihaya.

Sasa miaka kumi imepita, redio inatangaza kwamba ukimwi hupita kwenye damu, na munywani wangu anaandika kwamba miguu inakataa. Tena yuko Bukoba, kule ambako ugonjwa wenyewe watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo, kabla haujapata jina la redioni. Mtu mzima ataacha kujumlisha? Tangu barua ifike nikawa nalala mkekani, nikimwambia mke wangu, mama Kabula, kwamba mgongo unauma kwa sababu ya cherehani. Hakunibishia. Alinifungia karanga na matobolwa ya viazi vitamu, akasema nimpe pole mgonjwa. Nilikuwa na swali moja tu la kumpelekea huyo mgonjwa: alianza kuugua lini? Nilitaka kujua kama siku ile ya kahawa alikuwa nao tayari.

Habari za treni hadi Mwanza mnazijua, sina la kuongeza isipokuwa vumbi. Bandarini Mwanza ndipo nilipoanza kuona kwamba nakwenda mahali pengine. Meli ilipakia magunia ya sukari, matenga ya kuku, na jeneza moja lililofunikwa turubai. Wenye jeneza walikaa kulizunguka, wakamenya mayai ya kuchemsha, wakakaribisha na wengine. Nilimwuliza mama mmoja kama msiba ni wa ajali. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto wa darasa la kwanza, akasema siku hizi kila safari kuna anayerudishwa nyumbani kwenye kibanja. Kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Mhaya huzaliwa humo, na asipozikwa humo kwao ni kama amepotea. Nilikwenda kukaa upande wa pili wa meli.

Asubuhi tukaingia Bukoba. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha huku jua likiwaka, kisiwa cha Musira kimekaa mbele ya mji, na korongo wakubwa wenye vipara wakitembea ufukweni, mikono nyuma, utadhani ni wakaguzi wa shule. Nilikuwa nimeusahau uzuri wa mahali pale. Wakati wa vita hatukuwa na nafasi ya kusema kitu ni kizuri. Nilitembea kwa miguu kutoka gatini, nikakata kushoto kwenye majengo ya zamani ya wafanyabiashara, yale yenye nguzo mbele na bati lililopata kutu, nikaliona ghala letu.

Sikulitambua mara moja. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa nyeupe, milango rangi ya kijani. Juu kabisa, pale palipoandikwa jina la Mhindi kwa herufi za kwao, herufi zilikuwa zimepakwa rangi upya. Baadaye nilimwuliza mwenye hoteli kwa nini hakuzifuta. Alisema nyumba iliyosahau aliyeijenga itawasahau hata wanaolala ndani yake.

Mwenye hoteli ni Ma Kokushubila, watu wanamwita Ma Koku, dada wa marehemu baba yake Buberwa. Alikuwa mwalimu wa sayansi kimu hadi alipostaafu, na bado anatembea kama aliyeshika chaki. Alinikuta mlangoni, akatazama viatu vyangu, akatazama begi langu, akasema, "Wewe ndiye Maganga. Panda mizani."

Mizani yenyewe ni ileile ya kupimia magunia ya kahawa, imebaki palepale ilipokuwa, na meza ya mapokezi imewekwa kando yake. Kila mgeni anapimwa anapofika na anapoondoka, uzito unaandikwa kwenye daftari mbele ya jina lake. Ma Koku anasema aibu kubwa kwake ni mgeni kuondoka mwepesi kuliko alivyokuja. Nilipanda na begi langu, akanishusha, akaniambia hapimi karanga.

Hoteli ina vyumba vinane, vyote vimekatwa ndani ya lile ghala. Milango ni mipana ya ajabu, kwa sababu ilitengenezwa ili watu wawili wapishane na gunia mabegani. Kuta ni nene, mkono mzima unaingia kwenye ukingo wa dirisha, na mvua ikinyesha harufu ya kahawa inatoka ukutani, japo haijapita gunia hapo kwa miaka. Shuka zimechemshwa na kupigwa pasi hadi pembeni. Nilipewa chumba cha tatu chenye dirisha la kutazama ziwa. Kilichoniudhi ni mapazia tu. Kitambaa kizuri, lakini aliyeyashona alikuwa na haraka, pindo limekwenda upande. Nilimwambia Ma Koku hivyohivyo. Alisema aliyeyashona ni yeye, na cherehani iko stoo. Basi kwa siku zote nilizokaa pale, kila nilipokosa la kusema nilifumua pazia.

Mchana huo alinipeleka kwa Buberwa. Chumba chake kiko nyuma, kinatazama ua mdogo ambako Ma Koku amepanda migomba minne kati ya karo na kamba ya nguo. Mtu niliyemkuta kitandani nilimjua kwa sauti. Mengine yote yalikuwa yamekwisha, mashavu, mabega, hata nywele zilikuwa zimelegea kama za mtoto mchanga. Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu.

"Umenenepa, fundi," akasema. "Unashona vitambaa au unavila?"

Nikacheka, na machozi yakatoka papo hapo. Nilimpenda sana mtu yule, nilikuwa nimesahau kiasi gani. Lakini hata nikiwa nimemshika mkono, moyo wangu ulikuwa unahesabu miaka. Nilimwuliza alianza kuugua lini. Alisema mwaka juzi. Nikauliza, na kabla ya hapo? Homa? Vipele? Alisema kabla ya hapo alikuwa mzima kiasi cha kuudhi watu.

Kutwa hiyo nilijifunza mambo ya nyumba ile. Wageni walikuwa wamepungua. Wakaguzi wa serikali waliokuwa wakifikia hapo walipojua kuna nani chumba cha nyuma, walihamia kwingine. Aliyebaki ni Magesa, mfanyabiashara wa samaki anayezunguka visiwa vya Muleba, Mkerewe mmoja mkimya mwenye pikapu aina ya Pijo. Siku za mwanzo yeye pia aliuliza kikombe anachopewa kimenywewa na nani. Ma Koku alikichukua kikombe cha Buberwa chenye uji, akaumalizia mbele yake, akafuta midomo, akamwuliza kama ana swali jingine. Magesa akakipokea kikombe chake, akanywa. Tangu siku hiyo huleta sato kila arudipo, na samaki wa kwanza ni wa mgonjwa.

Nilimwuliza Ma Koku kwa nini niitwe mimi kutoka Tabora kumpeleka mtu Izigo, mwendo wa asubuhi moja tu. Ndipo aliponieleza, na sauti ya ualimu ikamtoka. Buberwa hakubaki na ndugu wa kiume. Mmoja alifia vitani, mwingine ameondoka mwaka jana kwa ugonjwa huuhuu. Katika ukoo wao mwanamume anayerudi akiwa mgonjwa lazima akabidhiwe mlangoni na ndugu yake au munywani wake, ambaye kwa kufanya hivyo anaahidi kusimama siku ya msiba. Asiye na wa kumkabidhi hupokelewa kama mgeni. Atalishwa, atalala, lakini akifa hawekwi karibu na baba yake katikati ya migomba. Atatafutiwa mahali pembeni.

"Nimemwogesha miezi minne," akasema. "Lakini mlangoni nitaambiwa nipishe, mimi ni mwanamke. Kwa hiyo shona mapazia yako, ule, upate nguvu. Tunakungoja wewe."

Siku ya pili, baada ya chai, nilirudi kwa Buberwa na swali langu, nikiwa nimelivika nguo nyingine. Nilimwuliza kuhusu wanawake wa wakati wa vita, eti nakumbushia ya zamani. Alinijibu mara moja, mara mbili, kisha akaniashiria nifunge mlango.

"Jana umeniuliza, leo umeniuliza," akasema. "Ni ile kahawa, siyo?"

Nikasema ndiyo. Nilisema nina mke, nina watoto watano, nalala mkekani kama mtu aliyefiwa. Nilisema yote, na nilipomaliza niliona aibu hata ya kuitazama ile shuka.

"Hukumeza damu yangu," Buberwa akasema.

Nilimwambia asinifariji. Nilikuwepo.

"Ulikuwepo, lakini mimi niligeukia ukutani. Hukumbuki? Nilikuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Nililowesha punje kwa dawa nyekundu ya vidonda, nikakupa, ukameza kama mwanamume." Akapumzika kidogo. "Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri. Kanisa lilikuwa limekataza mambo ya damu."

Nikaukumbuka uchungu ule ulimini. Kisha yeye mwenyewe akaanza kutikisika, nikadhani ni kikohozi, kumbe anacheka.

"Hapana, kanisa nalisingizia bure," akasema. "Niliogopa wembe."

Tulicheka hadi Ma Koku akagonga mlango kutuuliza kuna nini. Alipoondoka, Buberwa akawa na uso mwingine. Alisema damu yangu yeye aliimeza kwelikweli. Kwa hiyo yeye ni munywani wangu na mimi si wake, na kwa miaka kumi amekuwa akipokea barua zangu zinazoanza na neno hilo na kuona haya. Alipoandika ile barua ya kuniita alitaka aende na siri hiyo kaburini. Lakini alivyoniona nimefika na begi la karanga, ameshindwa.

"Baba mdogo atakuuliza mlangoni," akasema. "Sitaki uape uongo kwenye mji wa baba yangu. Kesho kutwa kuna meli. Ukirudi Tabora sitakulaumu, Maganga."

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijivunii. Nilitoka chumbani mle nikiwa na furaha. Nilikwenda ukumbini, nikala sato mzima, nikaomba ndizi zaidi, nikaomba tena. Nilimwona Magesa ananitazama. Mwili wangu ulikuwa umerudishiwa kwangu, nikautembeza hadi ufukweni, nikanawa uso ziwani, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Sikumbuki kama kwenye sala ile nilimtaja Buberwa.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikwenda matembezi hadi Hamugembe, nikijiambia nakwenda kutafuta uzi wa kijani. Ukweli ni kwamba nilitaka kufikiri mbali na macho ya Ma Koku. Njia inapita katikati ya nyumba na migomba, huwezi kujua shamba linaishia wapi na ua unaanzia wapi. Palikuwa na nyumba nzuri za matofali zimefungwa, majani yameota mlangoni. Kwenye migomba udongo mpya ulionekana hapa na pale. Bibi mmoja alikuwa akimenya ndizi na wajukuu wamemzunguka, wa umri karibu sawasawa, nikaelewa kwamba si wa mama mmoja. Nilimwamkia kwa Kihaya changu kibovu, akanijibu kwa Kiswahili cha shule, akanipa buni za kutafuna kama ilivyo desturi yao kwa mgeni, akauliza nimefikia kwa nani. Nikasema kwa munywani wangu.

Neno lilinitoka lenyewe. Bibi akasema vizuri, siku hizi heri mtu mwenye munywani, maana ndugu wa tumbo wanakwisha. Nilimwambia wakola, yaani asante, nikageuka. Uzi sikununua.

Nilijiuliza njiani mimi ni nani sasa. Mtu aliniita kwa udugu, nikaja kwa kuogopa. Yeye, ambaye hana kitu kilichobaki isipokuwa mahali pa kuzikwa, alikuwa radhi kupakosa kuliko kuniacha mimi niape bila kujua. Kati yetu wawili, mwongo wa miaka kumi alikuwa amenishinda kwa ukweli. Nilifika hotelini nikamwambia Ma Koku aandae safari.

Siku ya nne tuliondoka jua likiwa limepanda. Magesa alikuwa ameosha pikapu kwa sabuni na majani ya mchaichai ili harufu ya samaki itoke, haikutoka. Aliweka godoro nyuma, Ma Koku akatandika shuka yake ya kupigwa pasi, nami nikakaa nyuma pamoja na mgonjwa, kichwa chake kwenye paja langu. Kwenye mizani ya mapokezi tulimpitisha bila kusimama. Ma Koku alikuwa ameacha kumpima tangu mwezi wake wa pili hapo.

Pale Rwamishenye, kwenye maduka, vijana walisogea kuuza karanga, wakaona kilichomo nyuma ya gari, wakavua kofia. Buberwa aliwaambia bado, wavae kofia zao. Kutoka hapo barabara inapanda na kushuka, upande wa kushoto ziwa linajitokeza na kujificha, upande wa kulia ni ile mbuga ya majani mafupi na miamba. Tukapita Kemondo, tukapita Muhutwe. Magesa aliendesha kana kwamba amebeba mayai, kila shimo analiomba radhi. Buberwa alitaka nimweleze tulipofika, kwa kuwa akiwa amelala aliona mawingu peke yake. Nikawa namtajia: sasa kanisa, sasa wanawake wamebeba ndizi, sasa daraja. Yeye ananisahihisha. Hata chali mgongoni, Mhaya hakubali Mnyamwezi amfundishe Kagera. Si bure tunawaita nshomile, wale waliosoma.

Saa sita hivi tukaingia Izigo. Mji wa kwao uko ndani ya migomba, mwanga wa chini ni wa kijani, na ukipita mlango wa miti unasikia kimya cha majani mapana. Ta Mutalemwa, mdogo wa baba yake, alikuwa amesimama pale mlangoni na fimbo, mzee mrefu aliyevaa koti la suti juu ya kanzu. Nyuma yake walikuwepo watu wa ukoo. Ma Koku alishuka, akasimama kando kama alivyotabiri.

Tulimshusha Buberwa na godoro lake. Mzee hakumgusa kwanza. Aliuliza kwa Kihaya, kisha, aliponiona sura yangu, akarudia kwa Kiswahili, "Nani anamleta huyu?"

Buberwa aligeuza uso upande wa migomba. Sikuhitaji kufikiri. Labda nilikuwa nimekwisha kufikiri jana yake, kwa yule bibi.

"Mimi," nikasema. "Ni munywani wangu."

"Mlinywana wapi?"

"Bukoba, kwenye ghala la kahawa, wakati wa vita."

Mzee akaniambia nionyeshe. Nikainua shati. Aliinama, akalitazama kovu langu kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Buberwa, na kilichobaki ni kulifunua lile tumbo lingine lisilo na alama yoyote. Mkono wa mzee ulikwenda hadi kwenye blanketi. Ulipofika, akalivuta blanketi juu, akamfunika mtoto wa kaka yake mabega.

"Mwingize ndugu yako ndani," akaniambia. "Kuna baridi."

Mpaka leo sijui kama ni huruma au mzee alimjua mtoto wao na woga wake wa wembe.

Nilikaa Izigo siku mbili. Nilimwogesha, nilimlisha uji wa ulezi, nilikaa naye barazani akinionyesha mgomba huu uliopandwa na nani na kaburi lile la nani. Jioni ya mwisho, tukiwa wawili, aliniambia kwamba nimeapa uongo kwa ajili yake. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo.

"Sikuapa uongo," nikamwambia. "Kahawa ulinipa, nikaimeza. Ulichopaka juu yake ni shauri lako."

Alinishika mkono, hakuuachia hadi giza likaingia. Asubuhi tuliagana bila maneno mengi. Alisema nimsalimie mke wangu na nimrudie kitandani.

Siku ya kuondoka Bukoba Ma Koku alinipandisha mizani. Nilikuwa nimeongezeka kilo mbili. Aliandika kwenye daftari, akanipa kifurushi cha senene waliokaangwa, akasema mapazia sasa yananyooka na watu wataanza kurudi. Nilipotoka, tarishi wa ofisi moja ya serikali alikuwa mlangoni akiuliza kama kuna chumba. Magesa alinipeleka hadi gatini kwenye gari lilelile lenye harufu ya samaki na mchaichai, akanipa mkono kwa mara ya kwanza.

Nyumbani nilimweleza mama Kabula kila kitu, kuanzia kovu hadi dawa nyekundu. Alikasirika siku tatu, na haki yake. Kisha akacheka peke yake jikoni, nikajua imekwisha. Mnaniuliza nimejifunza nini huko kwa Wahaya. Nimejifunza kwamba hofu inaweza kumsafirisha mtu mbali sana, na bado akafika mahali pazuri. Na nimejifunza kwamba wako watu wanaoogopa wembe lakini hawaogopi kuusema ukweli unaowagharimu kila kitu, nami sikuwa mmoja wao. Nadhani udugu si kile kinachoingia tumboni. Ni jibu unalotoa ukiulizwa mlangoni.

Miezi mitatu baadaye ilikuja barua, mwandiko wa Ma Koku, maneno ya Ta Mutalemwa. Alisema Buberwa ametutoka alfajiri akiwa kwao, wamemlaza karibu na baba yake, na kwamba mvua ilinyesha kidogo tu. Halafu aliandika: "Matanga hatujaanua. Hayaanuliwi kabla ndugu wa marehemu hajafika. Tunakungoja wewe."

Nilimsomea mama Kabula dukani, mteja akiwa amesimama na suruali mkononi. Yeye aliijua siri yote, ile dawa, ule ukuta, lile tumbo lisilo na kovu. Ni yeye peke yake aliyeijua hapa Tabora. Nilingoja aseme kwamba sina deni huko.

"Shemeji yangu amekufa," akasema, "nawe bado umekaa?"

Akaanza kufunga madirisha ya duka. Nikamwomba radhi yule mteja, nikaenda stesheni kuuliza treni.